Maporomoko Hayakulala

Jumamosi, 30 Machi

Bega! Limeniuma tangu tulipotua mizigo mpaka sasa, na mkono ninaoandikia ndio wa bega hilohilo. Lakini maji yote yako mguuni mwa ukuta. Greer amebeba madumu mengi kuliko mimi, akajifanya hajui. Mtoto mwenye adabu huyo, akitaka.

Basi ni kweli. Tunaupanda El Kapitan, ukuta wa mwamba wa siku nne, mimi na binti yangu. Tangu ana miaka tisa ananiomba, na kila mwaka nilikuwa na sababu. Wewe mdogo, wewe una shule, mimi nina zamu jikoni. Sasa sababu zimeniishia. Alhamisi ya tarehe 11 anaondoka kwenda Minnesota kuanza kazi ya uuguzi — nchi tambarare kama sinia! Mwezi wa tano mimi ninapasuliwa bega, na daktari kaniambia wazi kwamba baada ya hapo nisivute kitu kizito kuliko mfuko wa viazi. Ukuta ule haupandwi bila kuvuta mizigo. Kwa hiyo ni Aprili hii au basi tena.

Na Aprili yenyewe ni mapema mno. Huku bondeni watu wanatembea na fulana, kule juu ukingoni theluji bado imekaa. Msimu wa hila kabisa.

Jumapili, 31 Machi

Tumekaa kwenye nyasi mbele ya ukuta tangu kabla ya jua, na chupa ya kahawa, shingo zimetupinda. Hatukuwa tunatazama sana. Tulikuwa tunasikiliza.

Jua likigusa ukingo wa juu, barafu iliyoganda usiku inaanza kubanduka. Kwanza vipande vidogo, halafu bamba zima. Unaliona linaelea huko, kimya, unalisahau — ndipo mshindo unakufikia. Greer aliruka. Nikamcheka, naye akasema mimi mwenyewe nimemwaga kahawa. Kweli nilikuwa nimemwaga.

Nimemweleza tena, ingawa ananiambia ameshasikia mara elfu. Barafu ikianguka asubuhi, maana yake usiku kule juu kulikuwa na baridi kavu. Baridi kavu ni rafiki. Theluji inakaa kimya, haiyeyuki, haitulowanishi. Na njia yetu imeinamia nje, vipande vinapita mbali na migongo yetu. Vingi.

"Vingi?" akauliza.

Vingi, nikamwambia, ndiyo maana Mungu aliumba kofia ngumu.

Na kitu cha pili ni maporomoko ya ng'ambo ya mto. Alfajiri hunyamaza, kwa kuwa kule yanakotoka maji yameganda. Mchana jua likiyeyusha, ndipo yanapoanza kelele. Nikamwambia yanalala na kuamka kama watu. Akasema ndiyo, kama wewe mama, hungurumi mpaka upate kahawa. Mshenzi! Nimemzaa mwenyewe, nimlalamikie nani?

Jumatatu, 1 Aprili

Siku nzuri mno. Tumepanda mpaka kijukwaa cha tatu, kibao cha mwamba cha kusimamia, tukafunga kamba, tukaziacha zinaning'inia hadi chini, tukateremka kulala kitandani kama wastaarabu. Ndivyo tunavyofanya wote hapa. Siku ya kuanza unapanda kwa kamba zako mwenyewe, unakuta kazi ya nusu siku imeshafanyika. Kuna ubaya wake. Kamba zikishaning'inia, mtu huona ameshaanza, na aliyeshaanza hapendi kuambiwa asianze.

Greer anapanda vizuri kuliko mimi nilipokuwa na umri wake. Nimeliandika hapa kwa sababu mdomoni halitoki.

Kunguru wamefungua zipu ya mkoba wangu na kula jibini. Kufungua zipu! Wana akili kuliko nusu ya watu wa kambini.

Jioni walikuja vijana wawili wa Kolorado kutusalimia, Tanner na Kip. Tanner mrefu, anaongea. Kip mfupi, anatabasamu. Wanaitaka njia yetu, na kwa desturi aliyefunga kamba ndiye mwenye njia, mwingine hupita kwa ruhusa yake. Wakaomba wafuate nyuma yetu. Tanner akaniita bimkubwa. Nikamwambia bimkubwa ni mama yake, mimi ni Lorna, na wakae nyuma mbali, nisije nikawaangushia sufuria.

Jumanne, 2 Aprili

Kupumzika. Yaani zamu ya asubuhi jikoni, mayai na bakoni za watalii, kisha kufunga mizigo. Redio inasema jua tupu mpaka Jumamosi. Odell, mpishi mkuu wangu, mtu ambaye hajawahi kupanda kitu kirefu kuliko kiti, ameniuliza nikifa nani atamtengenezea mchuzi mweupe. Nikamwambia aoe kopo la mchuzi. Akacheka mpaka akaunguza mkate wa mahindi.

Kisha akanikunjia mkate mwingine kwenye karatasi, mkubwa, wa njiani.

Tumekumbushana sheria yetu ya kamba na Greer. Mmoja akisema hapana, haulizwi sababu, wala hanuniwi. Aliyeambiwa hapana ndiye anayepika kahawa. Basi. Sheria fupi, imenirudisha nyumbani mara nyingi.

Kesho!

Jumatano, 3 Aprili

Nimesema hapana.

Andika vizuri, Lorna. Tulifika mguuni mwa ukuta kabla ya mapambazuko. Mbingu safi, hata uzi wa wingu hakuna. Ukuta mkavu. Kamba zetu zinaning'inia, zinatuita. Greer ameshavaa mkanda wa kupandia, amefunga helmeti yake nyekundu, ile yenye utepe wa njano kisogoni, anaimba puani. Nami nimesimama nashindwa kujua ni nini kinachonisumbua. Nikadhani ni bega. Nikadhani ni uzee.

Halafu nikasikia. Maporomoko yalikuwa yananguruma. Alfajiri ile! Yalitakiwa yawe kimya, nayo yanapiga kelele kama saa nane mchana. Hayakulala usiku kucha. Na hewa usoni ilikuwa vuguvugu, ya unyevu, kama pumzi ya mtu. Jua likagusa ukingo, tukangoja barafu. Haikuanguka hata chembe. Kule juu hakukuganda kitu.

Dalili ya mvua ni mawingu, wanasema. Huku kwetu mawingu ndiyo ya mwisho kufika. Joto linatangulia usiku, kutoka kusini, na nyuma yake kuna kitu kikubwa.

Nikasema hapana. Greer alinitazama. Akatazama mbingu, buluu kabisa. Akavua mkanda, akawasha jiko, akapika kahawa. Hakuuliza. Lakini kikombe changu alikiweka juu ya jiwe kwa nguvu, nusu ikamwagika.

Wale vijana wakatokea na mizigo. Tanner akauliza kama hatuendi wapite wao. Nikawaambia kuhusu maporomoko. Akasema kwa heshima kabisa, "Lakini redio imesema jua mpaka Jumamosi, bimkubwa." Nikamwambia redio inasoma hali ya hewa ya mjini, haijawahi kulala kwenye ukuta. Kip alitabasamu, akaangalia viatu vyake. Greer akawaambia piteni. Ni haki yake, njia ni yake pia. Mimi nikakimbilia zamu.

Mchana kutwa jua! Watalii wamelala kwenye nyasi wanaota joto. Odell anatoka nje kila baada ya muda mfupi, ananyoosha kiganja mbinguni, anarudi ananiambia hajaloa. Nilitamani kumpiga na mwiko.

Jioni Greer bado hasemi. Hiyo ni kununa, na kununa ni kinyume cha sheria. Mwishowe akaniuliza, nilisema hapana kwa ajili ya hali ya hewa au kwa ajili yake?

Nikasema, sheria, Greer. Hatuulizani sababu.

"Sijauliza sababu. Nimeuliza ipi kati ya mbili."

Nimeosha sahani zilizokwisha kuoshwa.

Alhamisi, 4 Aprili

Sijui nianzie wapi. Ni furaha, au kitu kinachofanana na furaha.

Asubuhi nimeamka, kitanda cha Greer kitupu. Helmeti yake haipo msumarini. Mkanda wake haupo. Nikajiambia amekwenda kukimbia. Na mkanda? Na helmeti? Nikaenda kazini na moyo kama jiwe. Maporomoko yalikuwa yananguruma tena tangu alfajiri.

Saa tano mawingu yakaingia kutoka chini ya bonde, mazito, haraka, yakameza ukingo, yakaanza kuteremka. Sikufurahi kwamba nilisema kweli. Ningetoa chochote niwe nimekosea, Odell anicheke mpaka mwaka mpya. Odell mwenyewe alitazama dirishani, kisha akanitazama mimi, akanivua aproni kwa mikono yake. Nenda, akasema. Nikamwambia Greer si mtoto, ana miaka ishirini na mitatu. Akasema, "Sijasema ni mtoto. Nimesema nenda."

Mvua ilinikuta kwenye nyasi. Nikaelekeza darubini juu. Wingu, wingu, mwamba mweusi unaotiririka maji, wingu. Halafu pakapasuka kidogo nikawaona. Kitanda chao cha kuning'inia kiko juu sana, turubai linapigwa na upepo kama bendera, na nje yake mtu anahangaika na kamba. Helmeti nyekundu. Akageuka — utepe wa njano kisogoni.

Wingu likafunga.

Nilipiga kelele. Mtalii mmoja kwenye gari lake akateremsha kioo akaniuliza kama niko salama. Niliingia msituni kukimbilia mguuni mwa ukuta, bila koti, na viatu vya jikoni, natukana kwa sauti. Nilimtukana Tanner, nikaitukana redio, nikajitukana mimi na sheria yangu. Kwa nini sikumjibu jana? Kama ningemwambia ukweli angebaki. Ningesema ni kwa ajili yako, mwanangu, ni kwa ajili yako, na ya maporomoko, na ya bega, yote kwa pamoja, mimi ni mama, unataka nitenganishe vipi? Hilo tu. Nilikuwa nalisema kwa sauti nikikimbia, mvua inaniingia mdomoni.

Na mtu ananijia kwenye njia, kati ya mialoni, anateremka. Amebeba dumu la maji kila mkono na gunia mgongoni. Kichwa wazi, nywele zimemgandia usoni.

"Mama? Mbona na viatu vya jikoni?"

Nilimshika. Nilimshika nikamtikisa, nikamkumbatia na madumu yake, nikalia kwa kwikwi kama mtoto aliyepotea sokoni. Halafu nikampa maneno ambayo sitayaandika hapa, na yeye akasimama tu akinyeshewa mvua, ananiambia mama, mama, vuta pumzi.

Kumbe! Jana jiwe moja lililoporomoka lilikuwa limepasua helmeti ya Kip, naye Greer akamwazima yake kabla hawajaanza kupanda. Na leo alfajiri aliamka, akatoka nje, akasikia maporomoko hayajalala kwa usiku wa pili. Akaenda kuteremsha mizigo yetu kabla mvua haijafika, bila kuniamsha, eti kwa kuwa bega langu linahitaji usingizi. Mkanda alivaa ili apande kamba zetu na kuzitoa.

Nikatazama gunia. Kamba hazimo. Nikamuuliza.

"Nimeziacha makusudi," akasema. "Nilikuwa tayari kuzikunja. Nikawasikia wale juu wanaitana, wameshaanza kuogopa. Watateremka, mama, na watateremka vibaya. Wakikuta kamba zetu kijukwaa cha tatu, wamefika nyumbani."

Desturi ni kwamba ukiacha njia unatoa kamba zako. Asiyetoa huonekana mvivu, watu humsema kambini. Hata mimi ningezitoa. Ningekunja vizuri, ningezibeba, ningejisifu kwa usafi wangu.

Tulingoja chini ya jiwe lililoinama, tukigawana mkate wa Odell ulioloa. Nikamjibu swali lake la jana. Yote mawili, nikamwambia. Akasema alijua, alitaka tu nilitamke. Giza lilikuwa linakaribia tuliposikia vyuma vinagonga mwamba juu yetu. Kip alifika kwanza, midomo ya buluu, na helmeti nyekundu. Kisha Tanner. Kamba yao moja ilikuwa imenasa juu wakashindwa kuivuta, wamebaki na moja, na moja haifiki popote kutoka kule. Walikuwa wamekaa kwenye kijukwaa cha tatu wanajiuliza wafanye nini, wakidhani tumeshazitoa kamba zetu, mpaka Kip akakanyaga fundo letu.

Tanner hakuniita bimkubwa. Alikaa matopeni akashika viatu vyangu vya jikoni, vyote viwili, akainamisha kichwa.

Ijumaa, 5 Aprili

Theluji mpaka bondeni. Tumelala mpaka saa tatu, sote, vijana wale sakafuni kwetu kwenye mifuko ya kulalia iliyokopwa. Nimewapikia chapati za maji. Kip amekula kumi na kitu, nimeacha kuangalia. Tanner anaosha vyombo bila kuambiwa. Nimejaribu kumkasirikia nikashindwa. Mtu hai jikoni kwako, anaosha vyombo — utamkasirikiaje?

Odell amekuja na supu. Ametazama dirishani, akanyoosha kiganja, akasema naam, sasa ameloa.

Nimecheka mpaka bega likauma. Sijui mara ya mwisho nilikuwa mwepesi hivi ni lini.

Jumamosi, 6 Aprili

Theluji bado. Greer amefua. Tumecheza karata, ameniibia waziwazi. Hatujautaja ukuta.

Jumapili, 7 Aprili

Naandika nikiwa nimekaa juu ya gunia la mizigo, mguuni mwa ukuta. Vidole vinaganda.

Mambo yamegeuka usiku. Upepo wa kaskazini, mkavu, umefagia mbingu. Tulitoka bila kuambiana, kila mtu akamkuta mwenzake anavaa viatu. Tanner na Kip wakatubebea maji yote mpaka hapa, wakatushika mikono, wakaondoka. Kip ameirudisha helmeti, ameipangusa mpaka inang'aa.

Tukianza leo tunafika juu Jumatano, Alhamisi Greer anapanda basi lake akiwa na vidonda mikononi na mwenye furaha. Tukianza kesho hatufiki. Ni leo tu, na hakuna leo nyingine.

Maporomoko kimya kabisa. Yamelala! Nilipoyasikia kimya nilitaka kucheza. Hewa kavu, inauma puani. Kamba zetu zilizowaokoa wale zinaning'inia palepale, zimekauka. Bega leo halisemi kitu. Nimeshavaa mkanda, nimefunga kila kitu, na nilikuwa nimeshashika kamba nikamwambia Greer haya, twende, tunangoja nini?

Akasema ngoja.

Akanionyesha ukingo. Mvua ya Alhamisi na theluji ya juzi vimeganda kule juu, ukingo wote mweupe umevaa barafu mpya, nene, upana wa njia yetu. Kavu ni kweli, mama, akasema, na baridi ni kweli. Lakini hiyo haijaanguka. Tusikilize jua likifika. Ikimwagika yote mapema, twende. Isipomwagika — hakumaliza.

Nilitaka kumwambia nimekwea hapa kabla hajazaliwa. Nilitaka kumwambia kuhusu Minnesota na bega. Neno lilifika mdomoni kabisa. Nikalimeza, maana nilijisikia ni mimi sasa ninayetazama kamba, na yeye ndiye anayesikiliza.

Amesimama hatua chache mbele yangu, helmeti nyekundu, kichwa ameinua, kiganja kimoja ameninyooshea nyuma bila kugeuka, ninyamaze. Nimenyamaza. Siogopi. Nilidhani ningekuwa na huzuni, kumbe ninaona raha tu, raha ya kijinga, macho yananitoka machozi na si upepo. Anayesikiliza hivi hatakufa kwa ajili ya kunifurahisha mimi. Huko aendako hakuna kuta, lakini kuna vitu vingine vinavyoanguka.

Jua limegusa ukingo. Kipande kimoja. Kidogo. Kingine. Kisha kimya.

Nimewasha jiko la kahawa. Bado hajageuka.